Embe kavu kutoka Nairobi: tushindane wapi, na kwa bei gani?

Mkaushaji_Viwandani

Habari za leo wadau. Naomba ushauri wa wanaoijua biashara ya kuuza nje.

Tuko Eneo la Viwanda. Tuna vikaushio viwili vya hewa moto ambavyo kwa pamoja vinatoa kilo 150 za embe kavu kwa siku. Tunatumia embe aina ya Apple na Kent kutoka Makueni na Embu, Novemba hadi Machi. Alama ya ubora ya KEBS tunayo, na sasa hivi tunauza pakiti za gramu 100 kwenye supamaketi za hapa jijini.

Wanunuzi wawili wametuandikia. Wa kwanza yuko Ujerumani, anafungashia maduka ya vyakula vya asili. Anataka embe lisilo na sukari wala salfa, likiwa kwenye mifuko mikubwa ambayo ataifungua na kufungasha upya. Wa pili yuko Dubai. Yeye anataka kontena zima, bei ya chini, na hana maswali mengi kuhusu vyeti. Mshirika wangu naye anasema tuwaache wote wawili, tutengeneze chapa yetu na kuipeleka Ulaya na Marekani wenyewe.

Thailand, Ufilipino na Burkina Faso wako sokoni miaka mingi. Kampuni ndogo kama yetu inashindana nao kwa lipi? Na bei ya kilo moja tuipange vipi?

Hesabu_Kwanza

Ndugu, anza na kilo kabla ya kuchagua nchi.

Kilo 150 kwa siku 100 za msimu ni tani 15, na hapo nimechukulia kwamba umeme haupotei na lori halikwami njiani huko Makueni hata siku moja. Kontena la futi 20, ukilipanga katoni za kilo 10 zenye sentimita 40 kwa 30 kwa 25, linabeba katoni kama 930. Hiyo ni tani 9 na ushei. Mwaka mzima una kontena moja na nusu.

Sasa mtazame mnunuzi wa Dubai kwa hesabu hiyo. Anachukua zaidi ya nusu ya mazao yako kwa agizo moja, na anakupima kwa bei peke yake. Ukimpa bei ya chini mwaka huu, mwakani atakuja na bei ya chini zaidi, maana huna kitu kingine cha kumwonyesha. Mshindani wako hapo ni kiwanda kinachojaza makontena kwa makumi. Kwa bei humwezi, wala usijaribu.

Embe la Thailand na Ufilipino kwa sehemu kubwa huloweshwa sukari kabla ya kukaushwa. Ni laini, tamu, na sukari imebeba sehemu ya uzito, ndiyo maana kilo yao huwa rahisi. Wewe unakausha tunda tupu. Hizo ni bidhaa mbili tofauti hata kwa forodha: embe lililokaushwa bila kuongezwa kitu liko kifungu 0804.50, ukilitia sukari linahamia sura ya 20. Mnunuzi anayelinganisha bei yako na ya Thailand si mnunuzi wako, maana anatafuta kitu usichotengeneza.

Mshindani wako halisi ni Burkina Faso. Nao hukausha bila sukari, wana vyeti vya kilimo hai, na wafungashaji wa Ulaya wameshawazoea. Aina zao kubwa ni Amélie na Brooks. Unachowazidi ni kalenda. Mavuno yao makubwa huangukia kati ya Aprili na Julai, yako huanza Novemba. Mwezi wa pili na wa tatu, wakati mfungashaji wa Ulaya anatumia mzigo wa mwaka uliopita ambao rangi imeanza kuzama, wewe una mzigo mpya. Jiuze kama mtu wa kuziba pengo hilo. Usimwombe mnunuzi amwache msambazaji wake wa Afrika Magharibi, mwombe tani 3 au 4 za Februari hadi Mei. Ombi hilo ni rahisi kukubaliwa. Lakini usidhani uko peke yako katika dirisha hilo, Peru na Afrika Kusini nao huvuna miezi yetu.

Kuhusu wazo la chapa, naomba mshirika wako anisamehe, ila ni mapema. Pakiti ya rejareja ndani ya EU lazima iwe na lebo kwa lugha inayoeleweka katika nchi inapouzwa, pamoja na jina na anwani ya mhusika aliye ndani ya EU. Usipokuwa na kampuni kule, huyo ni mwagizaji. Kwa hiyo hata ukiwa na chapa unahitaji mwagizaji, na juu yake kuna gharama za kuingizwa kwenye rafu, matangazo na mizigo inayorudishwa. Marekani kuna usajili wa kiwanda kwa FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, unaorudiwa kila baada ya miaka 2, wakala aliye kule, na mwagizaji anayewajibika kukukagua. Tani 15 haziwezi kubeba gharama za masoko mawili ya aina hiyo. Mtaka yote hukosa yote.

Mimi ningempa Mjerumani tani 4 au 5 msimu wa kwanza, supamaketi za Nairobi zibaki na tani 5 kwa sababu ndizo zinazolipa mishahara, na zilizobaki zitafutiwe mnunuzi wa pili wa Ulaya anayefanana na huyo wa kwanza. Dubai akikubali tani 2 kwa bei yako, karibu. Akikataa, mshukuru na umwache aende.

Maabara_Kasarani

Nakubaliana na Hesabu kuhusu Ujerumani, lakini kabla hujamjibu huyo Mjerumani kuna jambo linaloweza kuifunga biashara yote: mabaki ya dawa za kunyunyizia.

EU ina kiwango cha juu kwa kila dawa na kila tunda. Dawa isiyo na kiwango chake maalum huhesabiwa kwa miligramu 0.01 kwa kilo. Chlorpyrifos, ambayo wakulima wengi waliizoea, ilishushwa hadi hapo mwaka 2020.

Tatizo la mkaushaji ni hili. Nyama ya embe ina maji kama asilimia 83. Ukiikausha hadi unyevu wa asilimia 15, kilo 5 za nyama hubaki kilo 1. Maji yameondoka, na dawa nyingi zimebaki. Tunda bichi lililokuwa na 0.01 linaweza kusoma 0.05 likiwa kavu. Kanuni ya EU namba 396/2005 inaruhusu badiliko hilo la ukaushaji lizingatiwe, kwa hiyo kila cheti cha maabara kiambatanishe na karatasi inayoonyesha unyevu wa tunda bichi, unyevu wa tunda kavu, na jinsi ulivyopata mara 5. Bila karatasi hiyo mnunuzi anaona namba kubwa tu na kukataa mzigo.

Dawa hizo zinatoka wapi? Zaidi ni vita dhidi ya nzi wa matunda. Bactrocera dorsalis aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na kwa sababu ya nzi hao nchi ilisimamisha kupeleka embe bichi EU mwaka 2014. Embe lako linakaa saa nyingi kwenye joto la nyuzi 60, hakuna funza anayepona humo, kwa hiyo karantini ile haikugusi. Kinachokugusa ni mkulima anayenyunyiza wiki moja kabla ya kuvuna ili asipoteze mavuno. Hapo ndipo pesa yako ya kwanza iende. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, wana mfumo mzima: mitego yenye chambo cha methyl eugenol kwa madume, chambo cha protini kinachowekwa kwa matone badala ya kunyunyizia mti mzima, na hema la kukusanyia matunda yaliyoanguka ili nzi wasitoke tena.

Tani 15 kavu zinahitaji tani 150 za embe bichi kiwandani, ukihesabu ganda, kokwa na yaliyooza. Ukipata wakulima 30 wa tani 5 kila mmoja, umemaliza. Watu 30 unaweza kuwajua kwa majina, kila mmoja akawa na daftari la dawa: jina la dawa, tarehe, kipimo, siku zilizobaki hadi kuvuna. Ukinunua kwa dalali barabarani daftari hilo halipo, na kipimo kimoja kibaya kinaweza kuharibu kundi zima. Pima embe bichi la kila kundi la wakulima kabla ya msimu kushika kasi, usisubiri katoni zikishafungwa. Maabara iwe na ithibati ya ISO 17025 kwa kipimo hichohicho, sio kwa vipimo vingine.

Sasa ukaushaji wenyewe, kwa sababu embe lisilo na salfa halisamehi makosa.

Vipande viwe milimita 7, vilingane. Vikitofautiana, chembamba kinaungua wakati kinene bado kina maji. Tunda liwe limeiva hadi Brix (kipimo cha sukari ya tunda) 14 au zaidi: lisiloiva hutoka jeupe na chachu, lililoiva kupita kiasi hushika kwenye trei. Joto likianza juu ya nyuzi 70, uso wa kipande hukauka haraka ukawa kama ngozi na kufungia maji ndani. Kwa nje kinaonekana kizuri, baada ya wiki 3 kwenye mfuko maji yale yanatoka katikati na kuvu wanaanza. Kaa kati ya 55 na 65.

Usimalize kwa kubonyeza kwa kidole. Lenga unyevu wa asilimia 14 hadi 15, na maji huru, yaani yale ambayo kuvu wanaweza kuyatumia, yasizidi 0.60 kwa kipimo cha 0 hadi 1. Kipimo hiki cha pili ndicho kinacholinda mzigo. Ukitoa kikaushoni, weka kundi zima kwenye mapipa yaliyofungwa siku 3 au 4, ukiyageuza kila siku, ili vipande vigawane unyevu. Watu huruka hatua hii msimu ukiwa na haraka, kisha mfuko mmoja unakuwa na vipande vikavu kama mbao na vingine vinavyonata.

Rangi itazama taratibu, hiyo ni kawaida bila salfa. Mfuko wenye tabaka la alumini na ghala la baridi huichelewesha. Na usijaribu kutia salfa kidogo kusaidia rangi: ikizidi miligramu 10 kwa kilo lazima itajwe kwenye lebo kama kisababishi cha mzio, na mnunuzi wako ameagiza embe lisilo nayo.

Shehena_Embakasi

Naongeza upande wa pesa, maana ndiko wazalishaji wazuri wanakozama.

Namba hizi ni za mfano tu, weka zako. Embe bichi shilingi 25 kwa kilo hadi kiwandani. Maabara ameeleza kwamba kilo 5 za nyama hutoa kilo 1 kavu, lakini ukitoa ganda, kokwa na yaliyooza, unahitaji kama kilo 10 za tunda zima. Hapo pana shilingi 250. Mikono ya kumenya na kukata 120. Nishati 130, na hii ipime kwa mita, usikadirie, kwa sababu unafukuza kilo 4 za maji kwa kila kilo unayouza. Mifuko na katoni 25. Vipimo na vyeti 600,000 kwa mwaka, gawa kwa kilo 15,000, ni 40. Usafiri wa ndani na wakala wa forodha 30. Jumla 595.

Wengi huishia hapo. Lakini asilimia 12 ya vipande vitakataliwa kwa rangi au umbo, kwa hiyo gawa 595 kwa 0.88, unapata 676. Vile vilivyokataliwa ukiviuza kama vipande vya uji au chai, hiyo ni ziada, usiitegemee kwenye bei. Halafu pesa yako imelala: siku 60 za kukusanya mzigo, 40 za safari, 30 za kusubiri malipo. Siku 130 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka zinakula kama shilingi 36. Gharama ya kweli ni karibu 710.

Siku za safari zitazame kwa makini. Kuanzia mwisho wa 2023 meli nyingi ziliikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na hiyo iliongeza siku za safari kwenda kaskazini mwa Ulaya. Embe kavu halitaharibika, riba ndiyo inaongezeka. Tia pia vifuko vya kufyonza unyevu ndani ya kontena.

Sasa shilingi. Januari 2024 dola ilikuwa karibu 160, katikati ya mwaka huohuo ikawa karibu 130. Aliyepanga bei Januari kwa gharama ya 710 na faida ya asilimia 15 aliandika dola 5.10. Alipolipwa kwa 130 alipata 663. Amepoteza shilingi 47 kwa kilo, na kwa tani 9 ni 423,000, ingawa hakukosea kitu kiwandani. Embe, mishahara na umeme unalipa kwa shilingi, unapokea sarafu ya kigeni. Kwa hiyo pigia hesabu kiwango kibaya kuliko cha leo, toa bei inayodumu siku 30 tu, na ukishapata agizo uliza benki bei ya kufunga kiwango cha kubadilishia mapema.

Masharti ya kukabidhi: wengi huandika FOB Mombasa kwa mazoea. Kwa kontena, FCA, yaani kumkabidhi msafirishaji mzigo mahali mlipokubaliana, ni salama zaidi kwako. Ukikabidhi kontena pale bohari ya makontena ya Embakasi, hatari inahamia kwa mnunuzi papo hapo. Kwa FOB unaibeba hadi iwe juu ya meli, ilhali kontena limeshatoka mikononi mwako siku kadhaa, liko kwenye treni au linasubiri bandarini. Tani 3 au 4 hazijazi kontena, kwa hiyo mwanzoni utapanda kontena la kuchangia. Hapo agiza katoni nzito na paleti ya mbao yenye muhuri wa ISPM 15 (kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu), na uulize ni mizigo gani utakayokaa nayo. Embe kavu hunyonya harufu.

Malipo ya mara ya kwanza: asilimia 30 au 40 kabla hujanunua embe, zilizobaki dhidi ya nakala ya hati za meli. Barua ya dhamana ya benki ni nzuri kwa kontena zima, kwa tani 4 ada zake zinauma.

Mkaushaji_Viwandani

Asanteni sana, ndugu zangu. Hiyo 0.88 hatukuwa tumeiweka kabisa, na kiwango cha dola tulikuwa tunachukua cha siku ile.

Mjerumani ameuliza pia kama tuna cheti cha kilimo hai. Tukianze mara moja? Na ule mkataba wa Kenya na EU unatupa nafuu gani ya ushuru?

Shamba_Hadi_Bandari

Kianze. Kwa miti ya kudumu kipindi cha kugeuza shamba ni miaka 3, kwa hiyo kila mwaka unaochelewa unasogeza bei nzuri mwaka mzima mbele. Kanuni ya EU 2018/848 inakubali kikundi cha wakulima hadi 2,000 chini ya cheti kimoja, mradi kikundi kiwe chombo kilichosajiliwa kisheria na kiwe na mfumo wake wa ukaguzi wa ndani. Mkulima mwenye shamba lisilozidi hekta 5 anaingia. Wakulima 30 aliowataja Maabara wanafaa kuwa kikundi hicho, na daftari lile la dawa ndilo msingi wa ukaguzi wa ndani.

Hesabu_Kwanza

Hapa natofautiana kidogo na Shamba. Daftari na mitego waanze leo, naam. Cheti chenyewe ningesubiri msimu mmoja, kwa sababu ada ya mkaguzi inalipwa kila mwaka, hata ile miaka 3 ambayo bado unauza kwa bei ya kawaida. Kwa tani 15 uzito wake unauhisi kwenye kila kilo. Kwanza mwombe Mjerumani aseme kwa maandishi atachukua tani ngapi za kilimo hai na kwa nyongeza gani. Akikataa kuandika, hujapata soko la cheti hicho bado. Pesa ya mwaka wa kwanza ningeiweka kwenye HACCP iliyokaguliwa, yaani mpango wa kudhibiti hatari za chakula kiwandani, kisha vyeti vya usalama wa chakula vya FSSC 22000 au BRCGS, maana hivyo vinakufungulia wafungashaji wote, wa kilimo hai na wasio wa kilimo hai.

Mkataba wa Kenya na EU ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024 na ni wa maana kwa bidhaa nyingi. Kwa embe kavu tupu EU haitozi ushuru hata kwa nchi zisizo na mkataba, kwa hiyo usiutaje kwa mnunuzi kama nafuu ya bei. Anajua.

Shamba_Hadi_Bandari

Kuhusu kupata maandishi ya mnunuzi kwanza, nakubali. Lakini kikundi kisajiliwe sasa. Usajili na kuchora ramani za mashamba huchukua muda na hauhitaji kumlipa mkaguzi.

Mkaushaji_Viwandani

Tutasajili kikundi msimu huu na kuomba maandishi. La mwisho: Mjerumani anataka sampuli wiki ijayo. Tupeleke kiasi gani?

Maabara_Kasarani

Mifuko 3 ya gramu 500, kila mmoja kutoka kundi tofauti la ukaushaji. Usichague vipande vizuri kwa mkono, chota kama vilivyo, pamoja na vile vya pembeni vyenye rangi nzito. Sampuli hiyo ndiyo atakayoshikilia mkononi kontena likifika, na ukipeleka vilivyochaguliwa umejiwekea kiwango ambacho kiwanda chako hakiwezi kukirudia kwa tani 4. Ambatisha karatasi moja tu: aina ya embe, unene wa kipande, unyevu, maji huru, Brix ya tunda bichi, matokeo ya mabaki ya dawa na hesabu ya mara 5, Salmonella haipo katika gramu 25, tarehe ya kukausha na namba ya kundi. Kwa kila mfuko utakaotuma, funga pacha wake kutoka kundi hilohilo, uandike namba na tarehe, uuweke kwenye jokofu hadi mnunuzi athibitishe kwa maandishi kwamba amepokea shehena ya kwanza.